Miaka Mitatu na Nusu Kizingitini

Usiku wa Jumatatu, 1 Aprili 2019, Spika John Bercow alisimama katika Bunge la Makabwela mjini London akasoma matokeo ya kura nne. Wabunge walikuwa wamegawiwa karatasi yenye mapendekezo manne kuhusu namna ya kuitoa nchi yao katika Umoja wa Ulaya, na kila mmoja alijaza ndiyo au hapana kwa kila pendekezo. Kubaki katika umoja wa forodha: ndiyo 273, hapana 276. Kubaki ndani ya soko la pamoja: 261 kwa 282. Kuwarudishia wananchi uamuzi kwa kura ya maoni ya pili: 280 kwa 292. La nne, la kuifuta safari yenyewe endapo nchi ingekaribia kuondoka mikono mitupu, liliachwa kwa zaidi ya kura mia. Nick Boles wa chama cha Conservative, ambaye alikuwa amehangaika wiki kadhaa kutafuta njia ya katikati, alisimama akasema ameshindwa, na kwamba ameshindwa hasa kwa sababu chama chake hakitaki kulegeza kamba. Akatangaza kukiacha, akatoka ukumbini.

Wiki iliyotangulia mapendekezo yalikuwa manane, na yote manane yalikufa. Tarehe ya awali ya kuondoka, 29 Machi, ilikuwa imekwisha kupita siku tatu nyuma. Siku tatu baadaye maji yakaanza kumwagika kutoka darini mwa ukumbi huohuo, kikao kikavunjwa, wabunge wakaenda makwao. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo angeambiwa amezidisha chumvi.

Huku kwetu waliokuwa wakifuatilia redioni walicheka. Mzungu aliyetuachia joho la Spika na kanuni za kudumu za Bunge ameshindwa na kanuni zake mwenyewe! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipoanza kuhesabu zile kura moja moja na kuona kwamba wengi wa watu waliokuwa wakikataa hawakuwa wapumbavu. Kila mmoja alikuwa na sababu, na karibu kila sababu, ukiifuata mpaka mzizini, iliishia kwenye barabara nyembamba za mashambani huko Ireland.

Uingereza iliingia Ulaya kwa kubisha hodi mara tatu. Jenerali de Gaulle wa Ufaransa alifunga mlango mwaka 1963, akaufunga tena 1967, na alipoondoka madarakani ndipo waziri mkuu Edward Heath alipofanikiwa kuiingiza nchi katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Miaka miwili baadaye wananchi wakaulizwa kama wabaki. Asilimia 67 wakasema ndiyo. Siku zile waliopinga zaidi walikuwa watu wa Labour, walioiona kuwa ni klabu ya matajiri, na Margaret Thatcher alifanya kampeni ya kubaki akiwa amevaa sweta lenye bendera za nchi wanachama. Baadaye upepo uligeuka. Jumuiya ya soko ikawa Umoja wenye sheria, mahakama na sarafu, na chama cha Conservative kikaanza kuraruka katikati kwa jambo hilohilo, waziri mkuu baada ya waziri mkuu.

David Cameron alidhani ana dawa. Januari 2013, akibanwa na wabunge wake kwa ndani na chama cha UKIP, kilichotaka kutoka Ulaya, kwa nje, aliahidi kwamba akishinda uchaguzi ataitisha kura ya maoni. Mwaka 2015 akashinda, na ahadi ikamdai. Tarehe 23 Juni 2016 watu milioni 17.4 walichagua kutoka, milioni 16.1 walichagua kubaki: asilimia 51.9 kwa 48.1. Asubuhi yake Cameron akatangaza kujiuzulu.

Hapa Kiswahili chetu kinatutatiza kidogo. Tunaiita nchi yote Uingereza, kama vile ni kitu kimoja. Kumbe ni nchi nne chini ya taji moja, nazo hazikupiga kura sawa. England na Wales walitaka kutoka. Scotland walitaka kubaki kwa asilimia 62, na Ireland Kaskazini kwa karibu asilimia 56. Na neno lenyewe, kutoka, lilikuwa na milango mingi. Norway iko nje ya Umoja lakini ndani ya soko lake. Uturuki iko nje lakini bidhaa zake za viwandani zimo katika umoja wa forodha. Kanada iko nje kabisa, ina mkataba wa biashara tu. Karatasi ya kura haikuuliza mtu anataka kuwa nani kati ya hao. Mvuvi wa Grimsby, mwenye hisa wa London na mstaafu wa Sunderland walitia alama mahali pamoja, kila mmoja akiwa na picha yake kichwani.

Mtikisiko ulifika mpaka kwetu upesi kuliko ulivyofika Bungeni kwao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikijiandaa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya mwezi Julai 2016. Tanzania ikajitoa katika dakika za mwisho, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni hiyo kura ya Waingereza: utiaje saini na nyumba ambayo mpangaji wake mkubwa anafunga virago? Kenya, yenye maua ya kuuza, na Rwanda wakasaini Septemba mwaka ule bila kuwangoja wenzao. Novemba Bunge la Dodoma likashauri serikali isisaini. Hivyo talaka ya Ulaya ikaacha ufa mdogo katika ukumbi wa Arusha.

Theresa May, aliyemrithi Cameron Julai 2016, mwenyewe alikuwa amepiga kura ya kubaki. Labda ndiyo maana alijitahidi kuonekana mgumu kuliko wagumu. Januari 2017 akatangaza masharti yake: Uingereza itatoka katika soko la pamoja, itatoka katika umoja wa forodha, itaachana na mahakama ya Ulaya. Alijifunga kamba hizo kabla hajakaa mezani na mtu. Mahakama ya Juu ikamwambia hawezi kuanza safari bila idhini ya Bunge. Bunge likampa, na tarehe 29 Machi 2017 balozi wake Brussels akamkabidhi Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, barua ya kuamsha Ibara ya 50 ya Mkataba wa Lisbon. Kuanzia hapo saa ikaanza kuhesabu. Miaka miwili, kisha nje, kuwe na makubaliano kusiwe. Na saa hiyo ilimbana anayetoka, haikumbana anayebaki.

Hata wiki nne hazijapita akaitisha uchaguzi wa ghafla ili aongeze wabunge. Juni 2017 akarudi amepungukiwa, hana wingi wa viti. Akalazimika kuegemea wabunge 10 wa DUP, chama cha Waprotestanti wa Ireland Kaskazini wanaotaka kubaki chini ya taji la London daima dumu. Serikali yao ya jimbo ikaahidiwa pauni bilioni moja za ziada. Kwa kitendo hicho kimoja May aliwapa ufunguo wa mlango watu wasiotaka hata uguswe.

Mpaka wa Ireland una urefu wa karibu kilomita 500 na njia zaidi ya mia mbili za kuuvuka. Unapita katikati ya mashamba. Kuna nyumba ambazo jiko liko nchi moja na zizi nchi nyingine. Maziwa ya ng'ombe wa kaskazini huvuka kwenda kusindikwa kusini. Bia ya Guinness, jina linalojulikana hata Nairobi na Kampala, hupikwa Dublin, ikapelekwa Belfast kutiwa makoponi, kisha ikarudi. Kwa miaka thelathini barabara hizo zilikuwa na wanajeshi, minara ya ulinzi na mabomu, katika vita ya ndani iliyoua watu zaidi ya 3,500. Vizuizi vya forodha viliondoka soko la pamoja lilipoanza mwaka 1993, na wanajeshi wakaondoka kidogo kidogo baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998. Kijana aliyezaliwa Newry mwaka ule huenda hakumbuki mwanajeshi akimsimamisha baba yake njiani. Mpaka ulibaki kuwa mabadiliko ya rangi ya mstari wa barabarani, na vibao vya kilomita badala ya maili.

Sasa fikiri kama karani wa forodha, si kama mwanasiasa. Nchi mbili zikiwa na ushuru tofauti na viwango tofauti vya nyama, dawa na vipuri, lazima mtu asimame mahali fulani afungue lori. May aliahidi mambo matatu: kwamba Uingereza itatoka katika forodha na soko la Ulaya; kwamba hakutakuwa na kizuizi kati ya Ireland mbili; na kwamba hakutakuwa na kizuizi baharini kati ya Ireland Kaskazini na nchi nyingine za Uingereza. Chagua lolote kati ya hayo, hata mawili, utayapata. Yote matatu hayapatikani, na hakuna ufasaha wa mjumbe yeyote unaoweza kulibadili hilo.

Ukweli huo ulijitokeza kwa fedheha tarehe 4 Desemba 2017. May alikuwa Brussels akila chakula cha mchana na Jean-Claude Juncker, rais wa Kamisheni, wakikaribia kukubaliana maneno ambayo yangeiacha Ireland Kaskazini ifuate taratibu za Ulaya. Arlene Foster, kiongozi wa DUP, akatokea mbele ya kamera Belfast akasema chama chake hakitakubali. May akainuka mezani kwenda kupiga simu, na siku ile hakukuwa na mapatano. Wabunge 10 walikuwa wamemnyanyua waziri mkuu kwenye sahani yake.

Dawa aliyokuja nayo Novemba 2018, ndani ya mkataba wa kurasa 585, ilikuwa kinga ya mwisho: ikiwa hakuna njia nyingine itakayopatikana, Uingereza nzima itabaki ndani ya eneo moja la forodha na Ulaya, na haitaweza kujitoa peke yake. Waziri wake wa masuala ya kuondoka, Dominic Raab, akajiuzulu siku iliyofuata; mtangulizi wake David Davis na waziri wa mambo ya nje Boris Johnson walikuwa wamekwisha kuondoka Julai. Wapenda kutoka waliuona mkataba kuwa ni jela isiyo na mlango. DUP waliuona kuwa ni hatua ya kwanza ya kuuzwa kwa Dublin. Wapenda kubaki waliukataa kwa sababu waliamini ukianguka, kura ya maoni ya pili itafuata. Labour waliukataa kwa sababu ni wa Conservative.

Upigaji kura wa kawaida katika Bunge lile hufanyika kwa miguu. Kengele inalia, wabunge wanatoka na kupita katika ujia mmoja kati ya miwili, wa ndiyo au wa hapana, wanahesabiwa kama mbuzi wanaotoka zizini. Hakuna ujia wa "hapana, kwa sababu tofauti kabisa na za huyu aliye mbele yangu". Tarehe 15 Januari 2019 watu waliochukiana walibanana katika ujia mmoja. Tulip Siddiq wa Labour aliahirisha upasuaji wa kujifungua ili aje apige kura, akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Matokeo: 432 walikataa, 202 walikubali. Hakuna serikali iliyowahi kushindwa kwa tofauti kubwa hivyo katika historia ya kisasa ya Bunge hilo.

Katika nchi nyingine serikali ingeanguka usiku uleule. Kesho yake Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani, alileta hoja ya kutokuwa na imani, na wabunge walewale wa Conservative na DUP waliomtupa May jana yake wakamwokoa, 325 kwa 306. Sheria ya 2011 ilikuwa imemnyang'anya waziri mkuu uwezo wa kuvunja Bunge apendavyo; uchaguzi wa mapema ulihitaji theluthi mbili ya wabunge, au serikali kuangushwa. Hivyo ikapatikana serikali isiyoweza kutawala na isiyoruhusiwa kufa. Kama mnataka kuujua mkwamo ule kwa kifupi, ndio huo. Ukaidi wa watu ulikuwepo, lakini ukaidi huwa upo kila mahali; kilichoukomaza ni kanuni zilizowaruhusu wote kuzuia na kutomlazimu yeyote kujenga.

May aliurudisha mkataba wake tarehe 12 Machi, sauti imemkauka hata kusikika kwa shida. Ukakataliwa 391 kwa 242. Spika Bercow akafukua desturi ya mwaka 1604 inayozuia hoja ileile kuletwa mara mbili katika mkutano mmoja, kwa hiyo mara ya tatu mkataba ukaletwa umekatwa nusu. May akaahidi kujiuzulu wakiupitisha. Jambo la ajabu: alikuwa akiwauzia kichwa chake, nao bado wakaona bei ni ghali. Tarehe 29 Machi, siku ileile ambayo nchi ilipaswa kuondoka, ukaanguka 344 kwa 286. Watu wa pwani wanajua talaka tatu maana yake nini.

Brussels ilikuwa imekwisha kuongeza muda mpaka 12 Aprili, kisha ikauongeza mpaka 31 Oktoba. Nchi inayotoka ikajikuta inashiriki uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwezi Mei, ambamo chama kipya cha Nigel Farage, kinara wa kutaka kutoka, kilichukua viti 29 na chama tawala viti 4. Siku moja baada ya kura hiyo, kabla hata matokeo hayajatangazwa, May alisimama nje ya ofisi yake akatangaza kuondoka, sauti ikamkatika kwenye sentensi ya mwisho.

Boris Johnson aliingia Julai akiapa kwamba 31 Oktoba ni mwisho; baadaye akasema afadhali afe mtaroni kuliko kuomba muda zaidi. Akamshauri Malkia aahirishe Bunge kwa wiki tano. Tarehe 3 Septemba, akiwa anahutubia, mbunge wake Phillip Lee alivuka ukumbi akaenda kuketi na upinzani, na kwa hatua zile chache wingi wa serikali ukaisha. Usiku huo Wakonservative 21 waliasi, mmoja wao mjukuu wa Winston Churchill, wakasaidia kufungua njia ya sheria ya kumlazimisha aombe muda. Johnson akawafukuza wote 21. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakaamua kwa kauli moja kwamba kuahirishwa kwa Bunge hakukuwa halali. Amri ile ikahesabiwa kama karatasi tupu. Wabunge wakarudi kesho yake kana kwamba hawakuondoka.

Johnson aliitekeleza sheria kwa namna yake. Tarehe 19 Oktoba, siku ambayo Bunge lilikutana Jumamosi kwa mara ya kwanza tangu vita ya Falklands mwaka 1982, aliwatumia wakuu wa Ulaya barua ya kuomba muda bila kuitia saini, na nyingine yenye saini ikisema kwamba muda huo haufai. Muda ukatolewa, mpaka 31 Januari 2020. Oktoba 31 ikapita. Mtaroni hakuonekana mtu.

Lakini alikuwa na kitu ambacho May hakukipata. Siku chache kabla ya barua zile mbili, katika jumba moja la mashambani Wirral, alikutana na waziri mkuu wa Ireland, Leo Varadkar, wakatoka wakisema wanaiona njia. Njia yenyewe haikuwa siri. Kati ya zile ahadi tatu, Johnson aliitupa ya tatu. Ireland Kaskazini itafuata kanuni za bidhaa za Ulaya, na ukaguzi utafanyika baharini, kati ya Belfast na Liverpool. Lilikuwa jambo lilelile ambalo May aliwahi kusema hakuna waziri mkuu wa Uingereza anayeweza kulikubali. DUP waliona mpira umepita juu ya vichwa vyao. Kisha vyama vingine, kwa sababu zao, vikakubali uchaguzi. Tarehe 12 Desemba 2019 Conservative wakashinda viti 365, na wale wabunge 10 hawakuhitajika tena.

Nchi ilitoka usiku wa 31 Januari 2020, saa tano kamili kwa saa za London, kwa sababu Brussels ilikuwa imefika usiku wa manane. Kengele ya Big Ben ilikuwa kwenye matengenezo, ikachezwa sauti yake iliyorekodiwa. Ikafuata eda ya miezi kumi na mmoja, ambamo sheria za zamani ziliendelea, na mkataba wa biashara ukapatikana mkesha wa Krismasi. Desemba hiyohiyo, tarehe 8, Kenya ilikuwa imetia saini London mkataba wake peke yake na Uingereza ili maua, chai na maharage mabichi yasikwame bandarini.

Hukumu yangu ni kali kwa DUP. Waliukataa mara tatu mkataba wa May ambao ungeiweka Uingereza yote katika forodha moja, wakaishia na mpaka baharini waliouogopa kuliko kitu chochote. Februari 2022 wakasusia serikali ya Belfast kwa hasira juu ya ukaguzi huo; hata marekebisho ya Windsor ya Februari 2023, ya kupunguza ukaguzi, hayakuwarudisha mara moja. Walirudi Februari 2024, na bandarini Belfast ukaguzi wa baadhi ya bidhaa unaendelea. Kwenye barabara ya Newry kwenda Dundalk malori hayasimami.